Kuwinda kwa Darubini: Mwongozo wa Kurudi Mzima Kutoka Joto la Magadi na Baridi ya Kinangop

Ukitoka Kiserian kuelekea Magadi, kabla barabara haijaanza kuteremka bondeni, unapita mahali panapoitwa Kona Baridi. Jina halidanganyi. Upepo wa vilima vya Ngong hukupiga hapo hata mwezi wa Februari, na alfajiri kila mtu garini amefunga zipu hadi kidevuni. Baada ya saa moja na nusu hivi, gari ni lilelile na watu ni walewale, ila masweta yametupwa kiti cha nyuma na kuna mtu anauliza kama maji mengine yapo.

Mwongozo huu ni wa wawindaji wa aina hiyo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, kwa hivyo sisi wa Nairobi tunaowinda tunawinda kwa darubini na kamera. Mwili hata hivyo haujali umebeba nini mkononi. Kuamka saa tisa usiku, kunyemelea kwa magoti, kisha kukaa kimya saa mbili ukingoja kiumbe ajitokeze ni kazi ileile ya mwindaji wa kale, na jua na baridi humwadhibu mwenye kamera kama walivyomwadhibu mwenye upinde. Tena sisi tuna udhaifu mmoja ambao yeye hakuwa nao: tunatoka mji ambao hali yake ya hewa ni ya upole mno. Nairobi haijatufundisha joto la kweli wala baridi ya kweli. Tunalalamika Julai ikifika nyuzi 12 asubuhi, tunalalamika Februari ikifika 29, halafu tunadhani tumeshaona yote.

Kuna jambo moja ambalo nitalirudia hapa na pale, kwa sababu limenichukua miaka na aibu kadhaa kulielewa. Kitu cha kwanza ambacho joto humwibia mtu ni akili ya kuamua, na baridi ni vivyo hivyo. Aliyezidiwa ndiye wa mwisho kujua kwamba amezidiwa. Ndiyo maana maamuzi mengi ya mwongozo huu yanafanywa nyumbani, usiku wa kuamkia safari, kichwa kikiwa bado kizima.

Hatua ya kwanza: hesabu mita kabla ya kuangalia mawingu

Watu hufungua dirisha, wakaona jua limetoka mtaani kwao Umoja au Kawangware, hapa Nairobi, wakavaa kulingana na hilo. Hilo jua halikuambii chochote kuhusu unakokwenda. Hesabu urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi. Ziwa Magadi liko kwenye mita 600 hivi. Nyanda za Kinangop ziko kati ya mita 2,400 na 2,700, na ukipanda kutoka hapo kwenye nyika za juu za milima ya Aberdare unavuka 3,000. Kilele cha Satima ni mita 4,001.

Kanuni ya kukadiria ni kwamba kila ukipanda mita 1,000, toa nyuzi 6 au 7. Ukiteremka, ongeza kiasi hichohicho. Nairobi ikiwa na nyuzi 13 alfajiri ya Julai, nyika ya mita 3,300 itakuwa na nyuzi 3 hivi, na hapo bado hujahesabu upepo wala manyunyu. Nairobi ikiwa na 29 mchana wa Februari, Magadi itakuwa imepita 35, na ukiwa umesimama juu ya magadi meupe yanayong'aa utahisi zaidi ya hapo.

Kuna mtego kwenye miezi. Wengi hudhani Kinangop ni ya kuogopwa Juni hadi Agosti tu, wakati wa ukungu na manyunyu. Lakini Januari, Nairobi ikiwa inachoma, usiku wa Kinangop huwa mweupe bila wingu hata moja, na joto lote la ardhi hupotelea juu. Wakulima huamka wakakuta sakitu, ile barafu nyembamba juu ya majani, na viazi vimekuwa vyeusi kama vilivyomwagiwa maji ya moto. Mtu anayefika hapo saa kumi na moja alfajiri akiwa na fulana na koti jepesi la mjini, eti kwa sababu ni msimu wa joto, ana siku ndefu mbele yake.

Kwa Magadi mimi nina kanuni moja tu kati ya Januari na Machi: kazi ya kutembea iwe imekwisha saa nne asubuhi. Kuanzia hapo hadi saa kumi jioni ni kivuli.

Hatua ya pili: andika saa ya kugeuka

Nasema saa ya kugeuka, yaani saa ambayo utaanza kurudi hata kama hujaona ulichofuata. Huku kwetu karibu na ikweta jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na dakika hamsini, mwaka mzima, na machweo hayachukui muda. Ukisema "dakika kumi tu" saa kumi na mbili na nusu, ya kumi na moja utaimalizia gizani.

Mwachie mtu nyumbani ujumbe, na uwe ujumbe unaoweza kufanyiwa kazi. "Naenda Magadi" haumsaidii yeyote. Huu hapa ni mfano wa ule ninaomtumia dada yangu:

"Dada, tuko watu watatu, gari jeupe la mwenzangu, namba nimekutumia hapo juu. Tunapita Kiserian, tunakwenda upande wa kusini wa Ziwa Magadi, kwenye chemchemi. Tunageuka saa nne asubuhi. Ukifika saa nane mchana hujasikia kutoka kwetu, piga simu. Ukitukosa sote hadi saa kumi, anza kuuliza Magadi mjini."

Mtandao hukatika sehemu nyingi za njia hiyo, kwa hivyo mwambie mapema kwamba ukimya wa saa mbili si msiba. Ukimya baada ya saa mliyokubaliana ndio msiba.

Hatua ya tatu: nguo, na safari ya Gikomba

Huhitaji kununua nguo za duka la wapanda milima. Nenda soko la mitumba la Gikomba au Toi asubuhi bale zikifunguliwa, utafute vitu vitatu: sweta la sufu au lile la manyoya ya plastiki lenye zipu shingoni, suruali nyepesi ya kukauka haraka, na koti la mvua lenye kofia. Lijaribu koti papo hapo kwa kumwagia maji kidogo begani. Maji yakiteleza, chukua. Yakinywewa na kitambaa, rudisha hata kama muuzaji anakuapia.

Kinachopaswa kubaki nyumbani siku ya baridi ni pamba. Jinzi ndiyo mbaya kuliko zote. Ikishalowa umande wa nyasi hadi magotini haitakauka siku hiyo, na maji hunyonya joto la mwili mara ishirini na kitu kuliko hewa. Sufu ikilowa bado ina joto kidogo. Pamba ikilowa inakuwa adui. Joto la Magadi hugeuza hesabu hiyo, na hapo pamba nyepesi ni rafiki kwa sababu unyevu wake unakupoza.

Vaa kwa tabaka. Ya ndani inyonye jasho, ya kati ishike joto, ya nje izuie upepo na maji. Siri ambayo wageni hawaijui ni kuvua kabla ya kutoka jasho. Ukipanda kilima cha Kinangop na sweta lako lote mwilini, utafika juu umelowa kwa ndani, kisha ukae chini kungoja ndege, na hapo ndipo baridi inapoanza kazi. Panda ukihisi ubaridi kidogo. Ukifika, vaa kila kitu mara moja kabla hujatoa hata darubini.

Kwa Magadi, mikono mirefu iliyolegea, rangi hafifu, kofia yenye ukingo mpana kuzunguka kichwa chote, na leso. Leso ni kifaa bora kuliko vingi nilivyowahi kununua. Ilowanishe, ifunge shingoni, iloweshe tena ikikauka. Magadi yaliyoganda hurudisha mwanga juu kama kioo, kwa hivyo paka mafuta ya kukinga jua chini ya kidevu, puani kwa chini na midomoni. Usidhani ngozi nyeusi haiungui. Muulize mdomo wangu wa chini.

Rangi ya kujificha ni kaki au kijani kisichokoza, bila michoro. Zile nguo za madoadoa ya kijeshi ziache mitumba zikae hukohuko, maana kwa sheria za Kenya raia hapaswi kuvaa mavazi yanayofanana na ya jeshi, na maelezo yako kuhusu ndege hayatasikilizwa barabarani.

Jambo la mwisho kuhusu mavazi ni kipande cha sponji ya godoro, upana wa matako yako, unene wa vidole viwili. Fundi wa makochi atakupa mabaki kwa bei ya soda. Unakalia hicho. Mwindaji anayetembea hujipasha moto mwenyewe, ila anayengoja hutoa joto lake lote kwenye ardhi aliyoikalia. Hicho kipande kimenisaidia kuliko koti.

Hatua ya nne: maji, chumvi na chakula

Magadi beba lita tano kwa kila mtu, halafu jerikeni ya lita ishirini ibaki garini bila kuguswa ila kwa dharura, maana ya kumpoza mtu pia yanahitajika. Maji ya ziwa na ya chemchemi hayanyweki. Chemchemi nyingine ni za moto wa kuunguza mguu. Joto lile ni kavu, jasho hukauka kabla hujaliona, kwa hivyo usisubiri kuona shati limelowa. Angalia mistari myeupe ya chumvi kwenye mgongo wa mwenzako.

Ukitembea juani, kunywa nusu lita hadi lita moja kwa saa, kidogo kidogo. Usizidishe kwa hofu. Mtu anayejaza tumbo maji matupu siku nzima huku chumvi ikitoka kwa jasho anaweza kuugua kwa maji yenyewe. Kichwa humuuma, hutapika, huchanganyikiwa, na wenzake humwongezea maji wakidhani ni kiu. Kula vyenye chumvi: njugu, mayai ya kuchemsha yaliyochovywa chumvi, hata bajia. Beba pakiti nne za dawa ya kuongeza maji mwilini, ile ya watoto wanaoharisha; kila pakiti huchanganywa na maji safi kwa kiasi kilichoandikwa juu yake. Ukikosa, weka vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa bila mlima juu, kwenye lita moja.

Kinangop shida ni tofauti: husikii kiu, hunywi, na mwili mkavu hushindwa kujipasha. Beba chupa ya chai ya tangawizi yenye sukari nyingi kuliko unavyokubali kunywa nyumbani. Beba nduma au viazi vitamu vilivyochemshwa, chapati, na kitu cha sukari mfukoni ambacho unaweza kukila bila kuvua glavu. Mwili unaotetemeka unachoma chakula haraka sana.

Pombe ya usiku wa jana inahesabika. Kwa pande zote mbili.

Kama unatumia dawa za presha, hasa zile zinazokufanya ukojoe sana, au una kisukari, au ni mjamzito, zungumza na daktari wako kabla ya safari ya bondeni. Dawa kadhaa hupunguza uwezo wa mwili kujipoza na hakuna kofia itakayofidia hilo.

Hatua ya tano: jozi

Kila mtu awe na mtu mmoja anayemwangalia. Mkiwa watatu, zungukeni. Kila nusu saa mwangalie mwenzako usoni na umuulize kitu kinachohitaji kichwa, kama kuhesabu kutoka mia moja kwa kupunguza saba saba, au mlipita vibanda gani njiani. Halafu mikono: aguse kidole kidogo kwa kidole gumba, mkono uleule. Akishindwa, au akikukasirikia kwa kumuuliza, basi mchezo umekwisha, mnaanza taratibu za hapa chini. Kukasirika ni dalili. Mtu mpole anapoanza kugomba bila sababu juani au kwenye ukungu, usimjibu. Mpoze au mfunike.

Nilijifunza hili Magadi. Nilikuwa nimelala kifudifudi ukingoni, kamera juu ya mfuko wa mchanga, nikifuata kundi la heroe waliokuwa wakila kwenye maji mafupi. Mwangaza ulikuwa umeharibika tangu saa nne na nusu, lakini nilikuwa na hakika kwamba watakaribia. Mzee wa Kimaasai aliyekuwa ametuongoza alikuja, akasimama kati yangu na jua.

"Kijana, umekunywa maji saa ngapi?"

"Sasa hivi, mzee."

"Chupa yako ninayo mimi tangu tulipotoka kwenye gari."

Nakumbuka kwamba nilimkasirikia. Nakumbuka pia kwamba nilijaribu kubadilisha kadi ya kamera na vidole vikakataa kushika, nikaona hilo ni kosa la kamera. Alinishika mkono kwa nguvu kama mtoto, akanipeleka kwenye kivuli cha gari, akanivua shati na kunimwagia maji ya jerikeni kichwani bila kuomba ruhusa. Picha za saa ile ya mwisho nilipoziangalia nyumbani, sitini na kitu, zote zilikuwa za maji matupu. Ndege walikuwa wameondoka zamani.

Joto likishampata mtu

Kuna hali mbili na ni lazima uzitofautishe haraka.

Ya kwanza ni uchovu wa joto. Mtu anatoka jasho jingi, kichwa kinamuuma, kichefuchefu, misuli ya miguu inakaza, kizunguzungu akisimama, lakini anajibu maswali vizuri. Mweke kivulini, alale na miguu iinuliwe juu ya begi, mlegeze nguo, mlowanishe, mpepee, na mpe ile dawa ya maji na chumvi kwa midomo midogo. Ndani ya nusu saa anapaswa kuwa na nafuu ya wazi. Hata akipata nafuu, siku yake ya kuwinda imekwisha.

Ya pili ni kiharusi cha joto, na hii inaua. Joto la mwili limefika nyuzi 40 au zaidi na ubongo umeanza kuathirika. Anaropoka, anayumba, hajui yuko wapi, anaanguka, pengine anapata degedege. Vitabu vya zamani vilisema ngozi lazima iwe kavu. Usingoje hilo, maana mtu aliyekuwa akitembea anaweza kuwa bado analowa jasho. Kuchanganyikiwa kunatosha.

Hapo anza kumpoza pale pale, ndipo mfikirie barabara. Mvue nguo zote isipokuwa za ndani. Mwagieni maji yote ya jerikeni mwili mzima huku mkimpepea kwa kofia, kadibodi, chochote. Chupa za baridi kama mnazo zikae shingoni, kwapani na kwenye kinena. Usimpe cha kunywa akiwa amechanganyikiwa, kitaingia njia ya hewa. Panado haisaidii, hii si homa. Piga simu wakati mwenzako anamwagia maji, kisha mwendelee kumlowanisha garini, madirisha wazi, hadi hospitali ya Magadi mjini.

Na gari lenyewe ni mtego. Ndege hawaogopi gari, kwa hivyo wengi wetu hulitumia kama kibanda cha kujificha, injini imezimwa ili lisitikisike. Gari lililofungwa juani linakuwa oveni kwa dakika chache. Madirisha pande zote mbili yawe wazi, shuka au kanga litundikwe upande wa jua, na mtoto asibaki ndani hata dakika moja. Pia usiendeshe juu ya magadi yaliyoganda kwa sababu umeona alama za magurudumu. Chini yake kuna tope, na gari likizama saa tano mchana utakuwa umebadilisha safari ya picha kuwa safari ya kunusuru maisha.

Baridi ikishampata mtu

Tulikwenda Kinangop mwezi wa saba kumtafuta yule ndege wa nyasi mwenye kifua cha manjano na mgongo wenye milia, anayepatikana Kenya peke yake. Anaishi kwenye nyasi za asili za nyanda za juu, na nyasi zenyewe zinapungua kila mwaka kwa kulimwa viazi na ngano. Hakuna namna ya kumwona bila kutembea kwenye nyasi zenye umande. Mmoja wetu, jamaa tunayemwita Fundi, alikuja na jinzi na raba. Mvua ilikuwa ile ya manyunyu ambayo haistahili hata kuitwa mvua. Kipimajoto cha gari kilisema nyuzi 9.

Kwa saa ya kwanza alitetemeka na kutania. Saa ya pili alinyamaza. Halafu nikamwona anajaribu kufunga kamba ya kiatu, anaiangalia, anaiacha, anaiangalia tena. Nikamuuliza kama yuko sawa, akasema "Ndiyo, hata sihisi baridi tena," na alikuwa ameacha kutetemeka.

Hilo ndilo neno la kuogopa. Kutetemeka ni mwili unaopigana. Ukikoma bila mtu kupata joto, mwili umeishiwa. Baridi ya kuua haihitaji barafu. Nyuzi 9, upepo na suruali iliyolowa zinatosha kushusha mwili chini ya nyuzi 35, na hapo mtu huanza kujikwaa, kugugumia, kuangusha vitu. Wengine hufikia kuvua nguo wakidhani wanaungua.

Anayetetemeka na kujibu vizuri: mtoe kwenye upepo, mvue vilivyolowa vyote, hata soksi na chupi, mvishe vikavu, boshori kichwani, sponji na begi chini yake asiguse ardhi. Chai tamu ya moto, kisha chapati. Akipata nguvu mwacheni atembee taratibu.

Aliyeacha kutetemeka, mwenye usingizi au anayeropoka: huyu hatembei. Mlazeni, mgeuzeni kwa upole kama mnabeba mayai, maana moyo uliopoa unaweza kuvuruga mapigo yake kwa kutikiswa. Msimsugue mikono na miguu. Msimweke karibu na moto wala kummwagia maji ya moto. Chang'aa ya "kumpasha" hapana kabisa. Pombe hufungua mishipa ya ngozi na kumwaga joto kidogo lililobaki. Vikavu, blanketi au shuka, kitu cha kuzuia upepo juu ya yote, na chupa za maji ya vuguvugu zilizofungwa kwa kitambaa kifuani na kwapani. Msipokuwa na chupa, mtu mmoja aingie naye ndani ya blanketi. Simu ipigwe. Mji wa Engineer, hukohuko Kinangop, una hospitali ya kaunti.

Fundi tulimfikisha kwenye gari kabla hajaanza kusinzia wala kuropoka, ingawa tulikosea kumburuta. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia viazi kando ya ua alituona tunamburuta, akatuita jikoni kwake bila kuuliza sisi ni akina nani. Alimkalisha mbali kidogo na meko, akamvua raba mwenyewe, akasema, "Huyu mmemvalisha kama anaenda Nairobi." Uji wa moto, vikombe vitatu. Alianza kutetemeka tena baada ya kile cha pili, na sijawahi kufurahia kuona mtu akitetemeka kama siku ile.

Ukipanda juu zaidi, kwenye nyika za mita 3,000 na kitu, kichwa kikianza kuuma na kichefuchefu kuja, huenda ni urefu wenyewe na wala si baridi. Usiendelee kupanda. Kikizidi, teremka, hata kama ni usiku. Na kwa sehemu za misitu na mbuga, lipa na uende na askari wa misitu au wa wanyamapori. Tembo na nyati wa Aberdare hawaonekani kwenye ukungu hadi uwe umewakaribia mno.

Vitu vidogo vinavyosahaulika

Simu kwenye baridi inaweza kuzima hata chaji ikiwa bado ipo. Iweke mfuko wa ndani karibu na mwili pamoja na betri za kamera. Kwenye joto usiiache kwenye dashibodi. Hifadhi namba 999 na 112, na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Filimbi shingoni, kwa sababu mtu aliyelegea hawezi kupiga kelele. Tochi ya kichwani hata kwa safari ya asubuhi tu. Nguo kavu seti moja kwa kila mtu, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, ikae garini na isiguswe na mtu kwa sababu ya kutaka kupendeza kwenye picha.

Mkirudi mjini, angalia mkojo wako kabla ya kulala. Ukiwa wa njano iliyokoza, endelea kunywa na upumzike kesho yake. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi au mweusi kama soda ya kola, au misuli ikiuma kupita kiasi, nenda hospitali usiku huohuo, figo hazingoji Jumatatu. Mtu aliyepata kiharusi cha joto au aliyeacha kutetemeka apimwe hata kama anacheka garini. Kisha fungua ile kamera ili unyevu wake ukauke, toa betri, na umtumie dada yako ujumbe kwamba umefika.